Karatasi Tupu Baada ya Jumanne

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, bibi alichana karatasi moja ya kalenda yake, iliyoning'inia jikoni, akaitia motoni. Ilikuwa kalenda ya siku zake zilizobaki. Kila mtu ana yake, na si adabu kufunua ya mwenzio kwa nyuma. Ya mjukuu wake ilikuwa nene kama tofali na ilitundikwa juu ya kitanda chake. Ya bintiye haikuwa nyumbani. Bintiye alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na kalenda za wafuaji hutunzwa na msimamizi, kabatini.

Mwanzoni mwa kiangazi bibi alichana Jumanne. Chini yake hapakuwa na Jumatano. Palikuwa na karatasi tupu.

Mfuaji hakuiona. Alitoka na kanga yake begani kama kawaida, akafika kazini, akakuta ukuta mahali pa lango. Mlinzi alikuwa amekaa chini ya ukuta huo anamenya tango.

"Lango lipo, dada," alisema, "ila leo si lako. Kuna mtu wa kwenu ametoa siku. Rudi nyumbani ukaile."

"Nani katoa?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nalinda lango, silindi kwenu."

Mfuaji alirudi haraka. Shule nayo ilikuwa imekuwa ukuta, kwa hiyo alimkuta uani binti yake wa miaka tisa, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi alikuwa ametandika mkeka kivulini. Palikuwa na nyanya za kwanza, bado zina joto la jua, matango yaliyopakwa chumvi, na sufuria la mahindi mabichi likitokota. Tikiti lilikuwa linapoa ndani ya beseni la maji.

"Taratibu, mke mwenzangu," bibi alimwambia mjukuu wake. "Hilo hindi halina miguu."

"Na wewe bibi huna meno, mbona umemaliza mawili?"

"Nimeyatisha, yakaingia yenyewe."

Mfuaji alicheka, kisha akahesabu. Ilikuwa miaka sita tangu akae na hawa wawili mchana kutwa. Alimngoja Chiriku aende kuchota maji.

"Mama, siku hii umeitoa wapi?"

"Nyuma," alijibu bibi, huku akipuliza hindi. "Nimechomoa ya mwisho nikaileta mbele. Kule nyuma ni baridi tupu, mwanangu, magoti yataniuma, na nyanya za wakati ule hazina ladha. Nikae nazo za nini?"

"Rudisha."

"Siku iliyokwisha kuliwa hairudi. Kula, linapoa."

Alikula. Kesho yake ilikuwa Jumatano, akaenda kazini, na lango lilikuwepo.

Wiki iliyofuata zilikuja siku tupu mbili, na wiki ya baada yake tatu. Zote zilikuwa nzuri. Chiriku alijifunza kutema mbegu za tikiti hadi ukutani, bibi akamshinda. Kila jioni, wakilala, mfuaji aliingia jikoni, akaishika kalenda ya mamaye baina ya dole gumba na kidole cha shahada bila kuifunua. Mwanzo ilikuwa na unene wa kipande cha mkate. Sasa ilikuwa kama ganda la hindi.

Ndipo alipokwenda kwa msimamizi, akaomba siku moja kutoka kalenda yake mwenyewe.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akafungua kabati, akaitoa kalenda ya mfuaji katikati ya nyingine na kuifunua karatasi kwa karatasi, bila haraka. Kila moja ilikuwa na muhuri wa samawati: KAZINI.

"Ningekupa, dada. Lakini tazama mwenyewe."

"Hata za nyuma?"

"Hata za nyuma." Alifika mwisho, akainamia karatasi ile. "Hii ya mwisho kabisa ni nusu siku. Hiyo utatoka saa sita mchana."

Mfuaji alishukuru, akarudi kwenye mashuka.

Jioni hiyo aliichukua kalenda ya mamaye, akaifungia katika kabati lake la nguo na ufunguo akautia kifuani. Kila asubuhi aliitoa, akachana moja mwenyewe mbele ya bibi, akaifungia tena. Bibi hakugombana naye. Alisema tu kwamba jiko linaonekana kama limeng'olewa jino. Siku nane zilipita, zote na tarehe zake, na mfuaji akaanza kulala usingizi.

Siku ya tisa alikuta ukuta. Mlinzi alimwona akija. Alimkatia nusu ya tango, naye hakulipokea.

Alikimbia njia nzima. Kabati lilikuwa limefungwa, kalenda ya bibi imo, haijaguswa. Bibi mwenyewe alikuwa amerudi kulala. Uani Chiriku alikuwa amechuchumaa peke yake anaosha nyanya, moja moja, na mdomo wake umefungwa.

"Chiriku. Umefanya nini?"

"Usikasirike, mama. Ninazo nyingi. Nimechukua moja tu, wala haionekani."

Mfuaji aliingia chumbani. Kweli, haikuonekana. Kalenda ilikuwa nene vile vile, isipokuwa kwa nyuma, mahali karatasi ya mwisho ilipokuwa, palibaki uzi mweupe wa kuchanika. Aliishusha, akaifungia kabatini. Ya mamaye akaitoa, akaenda nayo jikoni na kuitundika kwenye msumari wake.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga shuka. Alitazama msumari, akamtazama bintiye usoni, akaelewa yote.

"Kesho nitoe yangu, basi?" aliuliza.

"Kesho, mama," alisema mfuaji. "Na keshokutwa ukipenda."

Kisha alitoka uani, akakaa mkekani karibu na mtoto. Siku ilikuwa imekwisha kutolewa. Alichukua nyanya aliyopewa, akaila yote, na mbegu zake, na maji yaliyomtiririkia mkononi akayalamba.