Chakula cha Ok-bun

Siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mkewe, Ok-bun, afariki, mzee Gwak Deok-su alijifunga aproni, akaingia jikoni mwenyewe. Kule Andong, Korea, chakula anachotengewa marehemu hupikwa na wanawake. Wanaume kazi yao kusujudu. Lakini Ok-bun hakuacha binti, na mke wa mwanawe alikuwa kazini mbali, Busan. Deok-su alijifunza kupika kwenye ukumbi wa wazee, pamoja na wagane wenzake, na alitaka jambo moja tu: Ok-bun ale chakula cha mkono wake, maana alipokuwa hai hakumpikia hata yai.

Alikata figili vipande vyembamba, akakaanga samaki asimvunje mkia, akachemsha spinachi na kuikamua maji taratibu. Kisha, kwa mazoea ya chakula cha kila siku, akaiunga kwa kitunguu saumu.

Harufu ikamfikia kaka yake mkubwa, Deok-ryong. Akaja akasimama nje ya jikoni, mguu asitie ndani, akamwuliza kama amesahau kwamba kitunguu saumu hufukuza roho za wafu. Akasema baba yao angemwona na aproni ya maua angekufa mara ya pili. Sokoni wanauza chakula cha kumbukumbu kamili, kimepikwa na akina mama. Kikanunuliwe, hiki kimwagwe.

"Cha sokoni sitaki, kaka."

"Basi naenda zangu. Sikai na mwanamume anayenuka sufuria."

"Nenda salama. Miaka yote Ok-bun amepika humu, sisi tunakula, tunamrudishia vyombo vichafu. Uliwahi kumwambia asante? Mimi sikuwahi."

Deok-ryong aligeuka. Akaenda kibarazani, akavaa kiatu kimoja. Cha pili kikabaki mkononi.

Ndani, Deok-su aliimwaga spinachi ile, akaanza nyingine kwa chumvi na mafuta ya ufuta tu. Huku wali unataka kuungua, huku supu inafurika, naye mikono ni miwili.

Kaka yake akaisikia supu ikichuruzika motoni. Akavua kile kiatu, akaingia jikoni.

"Moto huu unapunguzwa wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Deok-su akamwonyesha. Wazee wale wakasimama bega kwa bega, mmoja akikoroga, mwingine akipakua. Meza ilipotandikwa, Deok-ryong alibeba bakuli la supu kwa mikono miwili, polepole, akichelea lisimwagike, akamwekea shemeji yake mbele ya picha yake.