Vidonge vya Jeptoo
Asubuhi hiyo Chepkirui alipima mara tatu, na mara zote tatu ikatoka mistari miwili. Akakaa kwenye ukingo wa bafu, kaduwaa. Ana miaka arobaini na miwili, na mimba yake ya mwisho ndiyo binti yake Jeptoo, ambaye sasa yuko mwaka wa pili chuoni. Miaka tisa yeye na mumewe, Cheruiyot, wamemwomba Mungu mtoto mwingine, wakaomba hadi wakaona haya kuomba tena. Na leo, bila taarifa, huyu hapa! Mumewe alikuwa ameshaenda kazini, basi akaamua kumwambia jioni, ana kwa ana.

Akampeleka binti kliniki ya ngozi kule College Park, huko huko ughaibuni wanakoishi. Siku nyingine yeye hungoja garini, ila leo furaha ilimwingiza hadi ndani.

Jeptoo aliteswa na chunusi tangu ana miaka kumi na minne, zile kubwa za usaha zinazoacha mashimo. Walijaribu ndimu, asali, hata dawa ya meno, na chipsi zikapigwa marufuku kana kwamba ndizo zilizokosa. Mwishowe daktari akampa vidonge vikali, na miezi mitatu baadaye uso ukawa laini. Hapo Chepkirui akaingiwa na tamaa, maana naye chunusi za kidevuni zilikuwa zimemrudia ukubwani, na kila Jumapili alizifunika kwa poda. Vidonge vilikaa kabatini jikoni. Akachukua kimoja, kesho kingine.

Na huyu, jamani, kazi yake ni kuwapa wazee dawa kwenye makao yao kule Upper Marlboro, na hampi mtu kidonge kabla ya kusoma jina mara mbili. Nyumbani kwake lakini, dawa ya mmoja ni ya wote. Pakiti ina mchoro wa mjamzito aliyepigwa mstari. Aliuona, akasema haumhusu. Mwezi uliopita Jeptoo aligombezwa na daktari kwa kupoteza vidonge, na mama yake akamgombeza vilevile, bila hata chembe ya haya.

Sasa nesi Honorata, Mtanzania mmoja mpole, akamkabidhi Jeptoo kikombe cha kuwekea mkojo. "Kipimo cha mimba kwanza, halafu utamwona daktari."

"Mimba ya nani?" Chepkirui akauliza. "Huyu hajaolewa."

"Hata angekuwa mtawa angepima, mama. Ni kila mwezi."

Jeptoo akaenda zake chooni, kichwa chini. Chepkirui alikuwa amepandwa na hasira. "Chunusi na mimba zinahusiana wapi? Mnawavunjia watoto wetu heshima."

"Sivyo, mama. Dawa hii ikimkuta mtoto tumboni inaweza kumharibu vibaya. Ubongo, moyo, masikio. Wengine hata hawafiki kuzaliwa. Ndiyo maana tunawakataza kumgawia mtu yeyote, hata mama mzazi."

Chepkirui akaishikilia meza. Alitaka kusingizia rafiki, kwamba kuna rafiki yake fulani aliyemeza bila kujua, lakini ulimi ulikuwa mzito. Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake.

Jeptoo akarudi na kikombe. Honorata akachovya kipimo, akangoja, akasema, "Huna kitu. Ingia kwa daktari."

"Asiingie kwanza," Chepkirui akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Nina mimba. Nimejua leo asubuhi. Na vile vidonge vilivyopotea, mimi ndiye niliyevimeza."

Jeptoo akamgeukia mama yake, akamtazama kidevu.

Honorata akamvutia kiti, akamkalisha. "Daktari atataka kujua, mama. Cha mwisho ulimeza lini?"

"Jana jioni," Chepkirui akajibu. "Baada ya chakula, kama ilivyoandikwa."