Matundu ya Chini ya Mlango

Nyembo alipong'oa mlango wa kamyo, lori la Mama Bibiche, na kuuinamisha, maji ya kahawia yalimmwagikia miguuni yakinuka samaki. Na kiangazi kilikuwa kimeshakolea, mvua haijanyesha kwa wiki nyingi.

Fundi aliyetangulia alikuwa ameziba kila kitu kwa mastiki, ule ulimbo wa kuzibia nyufa. Maungio ya bati, sawa. Lakini aliziba na matundu ya chini ya mlango, na huo ni ujinga. Maji yanayopenya kwenye kioo yalikosa pa kutokea, yakabaki humo yakila chuma. Nyembo alikata palipooza, akachomelea bati jipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Chuma kizima kilichobaki kingebeba kazi hiyo mara moja tu. Kikioza tena, hakuna pa kuchomelea.

Alikuwa akishindilia mastiki kwenye maungio kwa kidole Mama Bibiche alipoingia karakanani. Alikuwa mke wa sajini wa Base, kambi ya jeshi, na kamyo ile ndiyo ilimletea samaki wa kuuza kutoka Kabondo-Dianda. Alipoona matundu yako wazi alikasirika. Yule fundi, alisema, aliziba kwa amri yake yeye, vumbi lisiingie.

"Vumbi ya Kabondo minyi njo nayikula, haiko weye. Ziba, Nyembo."

"Hapana."

"Kamyo iko ya nani?"

"Ya kwako, mama. Ukitaka kuiua, ua na mukono yako. Mastiki ile pale."

Mama Bibiche si mtu wa kutishwa. Alichota mastiki, akaziba. Nyembo hakubisha, alimimina maji penye kioo, akautikisa mlango. Ndani kukasikika chubwi, chubwi.

Mama Bibiche aliijua sauti ile. Kila mara dereva wake aliposhika breki aliisikia, akamgombeza kwa kupakia vikapu vyenye maji.

Alichomoa pini kichwani, akazibua matundu mwenyewe. Kisha akaokota kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akakata ulimi mdogo, akaushikiza juu ya matundu kwa nje, ukining'inia.

"Mayi itausukuma, itoke. Vumbi itaukuta umefunga."

Nyembo alimimina maji. Ulimi ukainuka, ukarudi ukalala. Akauinamia akitafuta kasoro, asiione.

"Kata ingine," alisema. "Mulango ya pili inangoya."