Kola Ndani ya Injini

Injini ya Babu haijawahi kufunguliwa. Alisema hivyo mkono ukiwa kifuani, kama mtu anayetoa ushahidi, nami sikubisha. Mkataba wetu ulikuwa mmoja: nikiiamsha, pikipiki yake ni yangu, nikishindwa ni ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye alishapita akalipapasa tangi kama anayenunua mbuzi. Alisema atarudi Ijumaa.

Nikachomoa silinda. Pistoni ilikuwa imekwaruzika ubavuni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: injini isiyofunguliwa ina pistoni ya saizi ya kiwandani, basi silinda itakerezwa kidogo ipokee pistoni iliyozidi kwa robo milimita. Pistoni hizi hupanda kwa robo robo hadi milimita nzima. Baada ya hapo silinda haina tena nyama ya kukereza, na silinda nyingine ya pikipiki hii kongwe haipatikani.

Kwa udadisi tu nikaikwangua pistoni masizi ya kichwani. Chini yake kulikuwa na namba: 50.

"Babu, hii imezidi nusu milimita. Pistoni yako ya kiwandani imenenepa ikiwa kazini."

"Umesoma vibaya."

"Nimemaliza kidato cha nne, Babu. Hamsini tulifika."

Akavaa miwani, akatazama. Akaivua, akaifuta, akatazama tena. Namba haikumwonea huruma. Ile pistoni ya robo ningeinunua, ingecheza ndani ya silinda kama kijiko kwenye kikombe. Lakini swali lililotuwasha wote wawili lilikuwa jingine: nani alifungua?

Nikaigeukia gasketi, ile karatasi inayokaliwa na silinda. Haikuwa ya dukani. Kingo zake zilikatwa safi kabisa, na pembeni ya tundu kulikuwa na vitone vilivyotobolewa kwa mstari, kama njia ya sisimizi. Mafundi pikipiki ninaowajua hukata gasketi kwa kugongagonga nyundo. Vitone vile mimi nimekua navyo: vimo kwenye karatasi za kukatia kola zilizotundikwa barazani, juu ya cherehani ya Bibi.

Cherehani ikanyamaza.

"Shikamoo, Bibi," nikaita.

"Si uliniamkia asubuhi?"

"Naamkia upya. Kuna kola yako huku kwenye injini."

Akaja, tepu shingoni, na akamjibu Babu badala yangu. "Ulikuwa safarini kikazi. Bibi harusi anasubiri gauni lake. Nikaijaza pikipiki petroli, nikaondoka nayo."

"Na oili je?" Babu akashika kichwa. "Injini hii lazima petroli ichanganywe na oili!"

"Uliwahi kuniambia? Iliniambia yenyewe, ilipokwama njiani. Fundi akakereza silinda, gasketi nikakata mwenyewe. Uliporudi ukaanza kuisifu haijaguswa. Ningekukatizaje raha?"

Nikawahi kabla Babu hajaanza kulalamika. "Basi baada ya hamsini ni sabini na tano. Nakimbia dukani."

"Wee, kaa! Mteja akiniletea gauni kuukuu lililombana, nashona jipya kwa kupima lile gauni?"

"Unapima mwili."

"Haya. Mwili si huo hapo?" Akaonyesha silinda.

Nikaipeleka silinda kwa mkerezaji, naye akaupima huo mwili juu, katikati na chini, kisha akageuza kipimo akapima upande wa pili. Silinda ilikuwa imelika hadi kukaribia umbo la yai, na mkwaruzo ulichimba kiasi kwamba sabini na tano isingeufuta. Ikabaki mia, milimita nzima, ngazi ya mwisho.

"Hapa hakuna kurudia," akaniambia. "Lete pistoni yenyewe kwanza. Nitaipima, nikereze kuifuata, niiachie nafasi nyembamba ya kutanukia ikipata moto."

Nikainunua, nikampelekea. Kutoka kwake hadi nyumbani niliibeba ile silinda kama mtoto mchanga.

Ijumaa mnunuzi wa vyuma alikaribishwa na moshi wa buluu na mlio ambao hata yeye aliuchekea. Babu alichanganya petroli na oili mwenyewe, akanusa, akaongeza tone. Kabla sijapanda, Bibi akaniondoa kwa kiwiko, akafunga khanga kiunoni, akakanyaga gia, akatoka getini bila hata kuyumba.

Tulibaki tumesimama mimi na Babu, tukisikiliza injini ikikata kona ya mbali, laini kabisa.

"Pikipiki ni yako," Babu akasema polepole, macho bado barabarani. "Ila niambie, huyu mwanamke nani alimfundisha kuendesha?"