Maji Kwanza

Kwa miaka ishirini mwalimu wa Kiingereza wa chuo kile cha ufundi alifundisha kwa neno moja: "Nukuuni." Alisoma, wanafunzi wakaandika, hata kikohozi chake nusura wakiandike. Wakambandika jina, Mzee Nukuu. Hakukasirika, kusema kweli alilipenda.

Kisha koo likamsumbua, madaktari wakampasua, na sauti ikaondoka moja kwa moja.

Aliporudi chuoni ulikuwa umebaki mwezi mmoja kabla ya mtihani. Kila mwanafunzi angepewa mashine asiyoijua na kijitabu chake cha Kiingereza, aifunge peke yake, bila wa kumuuliza. Aliwakuta mafundi pampu wake kumi na wawili wamefungua madaftari, wakingoja aandike ubaoni wanakili. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Chaki ilikuwa mkononi, na mkono ulimwasha kweli kweli. Akiwaandikia, watafeli. Asipowaandikia, yeye atabaki kuwa nani?

Akairudisha chaki mfukoni. Akaweka mezani pampu mpya, ya pekee chuoni, pamoja na kijitabu chake, akaenda kuketi nyuma.

"Mwalimu, tuanzie wapi?"

Hakuonyesha hata kwa mkono.

Vijana wawili wakachoka kungoja. "Pampu ni pampu tu, bwana," mmoja akasema, wakaanza kufunga bomba. Binti waliyemwita Bubu, maana hajawahi kujibu swali darasani, akakivuta kijitabu na kamusi, akawa anasoma kwa kidole, neno baada ya neno.

Bomba likakazwa. Kijana akanyoosha mkono kwenye swichi. Mzee Nukuu akaruka kutoka kitini: pampu ile ikiwashwa kavu inaungua! Akafungua kinywa. Ikatoka hewa tupu.

"Acha!" Bubu akapiga kelele. "Maji kwanza! Imeandikwa ijazwe maji ndipo iwashwe, la sivyo inaungua."

"Nani kasema?"

"Soma mwenyewe."

Kijana akageuka. "Eti kweli, Mwalimu?"

Kichwa kilitaka sana kuitikia. Akakizuia. Akaonyesha kijitabu kwa kidole.

Wakakiinamia wote, vichwa vikigongana, wakabishana, wakapekua kamusi, wakarudi nyuma ukurasa mzima. Hatimaye wakamimina maji, wakawasha. Pampu ikanguruma, maji yakajaa ndoo na viatu vya watu. Kelele za furaha zikafika mpaka karakana ya jirani. Hakuna aliyegeuka kumtazama mzee wa watu.

Jioni mke wake alimsogezea karatasi, maana siku hizi ndiyo mazungumzo yao. "Haya, baba watoto, ilikuwaje?"

Akaandika: Leo hawakunihitaji.

Mkewe akasoma, akamtazama usoni. "Sasa nikupe pole, au nikupe hongera?"

Akaishika tena kalamu, lakini machozi yalimtangulia, yakadondokea karatasi. Akaandika pembeni, palipobaki pakavu: Nipe zote mbili.