Bluu ya Mtungi wa Kimchi

"Kweli tupu hii, Bi Seok! Nikishikwa na uongo, namsugua Tak mgongo mbele ya wanaume wote."

Mzee Pyo aliapa hivyo katika ukumbi wa kupumzikia wa nyumba ya kuogea, pale Paju, Korea Kusini, yai la kuchoma mkononi. Adhabu chungu kuliko hiyo hakuijua. Tak alikuwa bosi wake kwenye kiwanda cha vioo vya runinga, na Pyo alimdharau mpaka kivuli chake.

"Bosi gani yule! Kwenye vioo vyetu rangi nyekundu inadumu, kijani inadumu, bluu ndiyo inayojiunguza kwa nguvu zake yenyewe. Yeye kwenye majaribio akaiwasha hafifu kama kibatari, akatangaza kuwa itaishi miaka. Hata punda ukimlaza tu hachoki!"

Bi Seok, muuza mayai, alicheka. "Na mwenyekiti wa kampuni alipokuja kukagua?"

"Akaonyeshwa picha za pilipili zilizoanikwa. Bluu hamna hata chembe! Mwenyekiti akasema, 'Nionyesheni bendera.' Bendera yetu, mama, lile duara la katikati nusu yake ya chini ni bluu! Tak jasho chapachapa. Nikamsukuma kando, nikawasha kioo changu."

"Chenye nini?"

"Bluu yangu. Niliitia hidrojeni nzito, vifungo vya kemikali yake visikatike ovyo, nikaizika kwenye mtungi ambamo mke wangu huchachushia kabichi ya kimchi, kipupwe kizima. Ikaiva! Haififii ng'o. Hiyo runinga ukutani niliyowapa, unadhani ina nini ndani?"

Mtu mmoja aliyelala sakafuni, taulo usoni, akaacha kukoroma.

Mara kwenye runinga hiyo timu ya taifa ikaingia uwanjani, na bendera ikajaza kioo. Juu, duara lilikuwa jekundu kama pilipili. Chini, rangi ya maji yaliyooshewa masufuria.

Ukumbi mzima ukamgeukia Pyo.

"Labda mtungi ulivuja, mzee wangu," alisema Bi Seok.

Taulo likatoka usoni. Tak!

"Ya kwangu ya kibatari angalau ilikuwa bluu," alisema, akijinyoosha. "Na siku ile ya bendera, Pyo, nani alijifungia chooni? Haya, inuka."

Bafuni, mgongo wa Tak ulikuwa mpana kama mkeka wa wageni. Pyo alivaa kitambaa cha kusugulia, akauma meno, akaanza.

"Mbona hafifu hivyo?" Tak aliguna. "Unanisugua kibatari?"

Wanaume wakaangua kicheko. Pyo akakaza mkono.