Ganda la Balungi na Daktari Asiyekuwepo

Maneno yalimfikia mama akiwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mikono yake imeshika shuka la moto. Aliyeyaleta ni Redio. Jina lake la kuzaliwa wafuaji wote wa hoteli ile walikwisha kulisahau. Walimwita Redio kwa sababu habari zilimtoka tangu anavua viatu asubuhi mpaka anavivaa jioni, tena bila kupumzika kwa matangazo. Alishika ncha mbili za shuka, mama naye ncha mbili, na walipokutana katikati kulikunja, Redio akanong'ona.

"Dada, binti yako si yuko kule chuo kikuu, kwenye chumba cha kompyuta zinazofikiri?"

"Ndiko aliko. Kwani vipi?"

"Mh. Basi tu. Nisije nikaonekana mmbeya."

"Umeshaonekana. Sema."

Redio akasema. Kijana mmoja wa chumba hicho hicho alikutwa uwani akizungumza na balungi. Tunda! Amelishika mkononi, analieleza mambo yake, anaitikia kwa kichwa kana kwamba limemjibu. Hazikupita siku nyingi, hakuonekana tena. Na wanasema hizo akili bandia hazina akili zake zenyewe. Zinanyonya akili ya mtu aliyekaa mbele yake, kidogo kidogo, mpaka anabaki ganda.

"Wanasema akina nani?"

"Watu."

Mama akacheka, akachukua shuka jingine. Lakini neno balungi lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni, kwa sababu binti yake naye alikuwa na mabalungi.

Binti huyo ndiye kifungua mimba wake, na ndiye wa kwanza ukoo mzima kusomea udaktari usio wa hospitali. Alisoma kwa ufadhili. Siku ufadhili ulipopatikana alimkalisha mama kitandani akamweleza taratibu: ganda la balungi ni nene kama sponji, tunda linadondoka kutoka juu ya mti na halipasuki. Ndani ya ganda kuna vitundu na nyuzi, vimepangwa kwa namna yake. Yeye alitaka kuiga mpangilio ule atengeneze bitana ya kofia ngumu za waendesha pikipiki, nyepesi, isiyopitisha kishindo. Akili bandia inampangia vitundu, vikubwa hapa, vidogo pale. Yeye anaijaribu mipango hiyo ndani ya kompyuta, anaangusha kofia ambazo hazijatengenezwa bado, anaona wapi zinapasuka.

"Yaani unavunja vitu ambavyo havipo," mama alisema.

"Hasa! Umeelewa kuliko wengine wa darasani kwetu."

Mama, aliyeishia shule ya msingi, aliitembeza sifa hiyo kazini mpaka wenzake wakachoka.

Basi baada ya maneno ya Redio, akaenda kumtazama mwanawe kwenye chumba alichopanga. Alikuta maganda yamepangwa dirishani, mengine mabichi, mengine yamekauka kama ngozi ya kiatu. Nyama ya tunda ilikuwa kwenye bakuli, haijaguswa, imeanza kuchacha. Binti mwenyewe alikuwa amebana sketi kiunoni kwa pini, la sivyo ingemvuka. Macho yote yalikuwa kwenye kompyuta ndogo mapajani.

"Acha ujinga," binti akasema. "Hapo utapasuka tu."

Mama akashtuka. "Unamwambia nani?"

"Hii hapa," akaionyesha kompyuta kwa kidevu. "Kaidi kama nini."

Mama akarudi nyuma hatua moja. Binti hakuona, aliendelea kueleza huku akipiga miayo. Kompyuta yake hii ilikuwa ndogo, uwezo wake ni kujaribu kipande cha ukubwa wa kucha. Kofia nzima ilitaka ile kompyuta kubwa ya chuo, na ile watu wa idara zote huipangia foleni, wa hali ya hewa, wa dawa, wa madaraja. Alikuwa ameisubiri zamu yake muda mrefu, na sasa ilikuwa wiki ijayo. Mwisho wa mwezi wafadhili wanakutana kuamua kama watamwongezea mwaka mmoja amalizie.

"Nikiwaonyesha kofia nzima, wananiongezea. Nisipowaonyesha, basi tena."

Yote hayo mama aliyasikia. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani hakuiona kofia wala wafadhili. Aliiona ile pini.

Wiki iliyofuata, siku yake ya mapumziko, akavaa gauni la shughuli, akaenda chuoni bila kumwambia mtu. Akauliza, akaelekezwa, akapotea, akauliza tena, mpaka akafika ofisi ya Profesa anayemsimamia binti yake. Ukuta mmoja ulijaa vitabu, mwingine ulijaa kofia zilizopasuka, zimepangwa rafuni kama mafuvu. Profesa alikuwa mwanamke wa rika lake, amevua viatu chini ya meza, chai imempoa mbele yake.

"Karibu, mama. Kaa, hicho kiti hakiumi. Wewe ni mama wa nani vile?"

Akajitambulisha. "Nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Hayuko sawa."

"Hayuko sawa kivipi?"

Alikuwa na maneno tele alipotoka nyumbani. Lakini mbele ya vitabu vile aliyaona madogo madogo, ya kusemea jikoni. "Chakula hali. Usiku halali. Anaisemesha kompyuta."

Profesa akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka. "Hapa wote tunazisemesha, mama. Mimi ya kwangu naitukana kabisa. Amemwona daktari?"

Hapo ndipo alipoteleza. Mama angeweza kusema hajamwona. Lakini aliona akijibu hivyo atarudishwa nyumbani na tabasamu lile lile, kama mwanamke mwenye woga wake tu.

"Amemwona. Daktari kasema apumzike kabisa. Asiguse kompyuta."

Tabasamu likaondoka. "Mbona hajaniambia?"

"Anaogopa." Uongo wa pili ulitoka wenyewe, bila kusukumwa.

"Kama daktari kasema, mimi sina la kubisha. Sheria za chuo haziniruhusu kumfanyisha kazi mgonjwa. Nitampa likizo leo hii. Na zamu yake kwenye kompyuta kubwa nitampa anayemfuata, maana ile haikai bure."

"Mpe, mwalimu wangu! Mpe hata sasa hivi. Hiyo ndiyo inayonimalizia mtoto."

Profesa akanyanyua simu. Mama alimshukuru mpaka mlangoni, akashuka ngazi akijiona ametua mzigo.

Kesho yake mchana, mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia ukafunguliwa, binti akaingia kati ya vikapu vya mashuka.

"Shikamoo, mama." Hata hasira haikumsahaulisha salamu.

"Marahaba, mwanangu. Mbona..."

"Mama, mimi naumwa nini?"

Mashine zilikuwa zinanguruma. Mama akajifanya hakusikia.

"Profesa kanipigia simu kunipa pole. Namuuliza, pole ya nini? Ananiambia nisijikaze, niwasikilize madaktari. Ni daktari gani huyo, mama? Nimjue na mimi nikamshukuru."

"Nilikuona umekonda..."

"Nimekonda, ndiyo."

"Na yule kijana wa kwenu aliyekuwa anazungumza na balungi, mpaka akapotea..."

Binti alimtazama kama anayetafuta pa kuanzia. "Yule? Alikuwa na visikizi masikioni, anaongea na mchumba wake kwenye simu. Balungi lenyewe alikuwa ananiletea mimi. Na hajapotea, amepata kazi benki."

Redio, ambaye tayari alikuwa ameinamia kikapu kisichokuwa chake, akavuta pumzi. "Oh, basi afadhali."

"Afadhali ya nani?" Mama akamgeukia. "Hebu jizime, we Redio!"

Hakuna aliyecheka. Binti akajitupa juu ya rundo la taulo chafu, miguu kainyoosha, mikono imelegea.

"Kuchoka nimechoka, mama, sikatai. Lakini nilikuwa nimechoka nikiwa karibu kufika. Sasa nimechoka, na nimerudishwa nyuma."

Mama hakungoja zamu yake iishe. Alirudi chuoni na aproni yake ya kazi, akasimama mbele ya meza ile bila kuketi.

"Mwalimu, daktari hayupo. Nilimtunga mimi."

Profesa akavua miwani, akafikicha macho. Hakufoka. Pengine angefoka ingekuwa nafuu.

"Likizo naifuta sasa hivi. Zamu siwezi. Kazi ya mwenzake imeshaingia, na ikishaingia inakwenda siku nyingi mfululizo. Ukiikata katikati imekufa. Na yeye ana mama yake vilevile."

"Hakuna zamu nyingine?"

"Ipo. Baada ya wafadhili kukutana." Akairudisha miwani usoni. "Ungeniambia tu kwamba unaogopa. Ningemwita, ningemfukuza akalale, akirudi angeikuta zamu yake."

Wafadhili walipokutana, binti aliwaonyesha kile kipande cha ukubwa wa kucha. Wakakisifu. Kisha wakauliza, kofia nzima iko wapi? Akawajibu kwamba muda haukutosha. Hakumtaja mama yake hata kwa mbali. Wakamwambia kazi ni nzuri ila haijatimia, na fungu lake likaishia pale lilipopangwa kuishia.

Sasa asubuhi anafundisha watoto wa watu hesabu, mchana anaingia maabara kama mtu wa kujitolea, na kwenye foleni ya kompyuta kubwa anasimama nyuma ya wenye wafadhili. Nyumbani anakuja. Anasalimia vizuri, anakula, anaosha vyombo. Mama akiuliza kazi inakwendaje, anajibiwa, "Inaendelea." Akiuliza kama zamu imepatikana, "Tutaona, mama." Zamani angekalishwa kitandani akaelezwa vitundu na nyuzi mpaka asinzie. Siku hizi hajui kama zamu imekuja au imepita, na hana uso wa kuuliza mara mbili.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto kwenye kazi za namna hii, epuka haya:

Kubeba habari ambayo ukiuliza aliyeisema ni nani, unaambiwa watu.

Kwenda kwa mwalimu wake kabla hujakaa na yeye mwenyewe.

Kumtaja daktari ambaye hayupo, hata kama hofu yako ni ya kweli.

Kuionea haya hofu yako ukaivisha nguo ya mtu mwingine. Iseme kama ilivyo.

Kumwombea mapumziko ambayo hakuyaomba.

Kushukuru kabla hujauliza kinachotolewa ni nini, na kikishatolewa kinarudi lini.

Kumuuliza kila mkionana atamaliza lini.

Kumpelekea chakula kisha ukamsimamia akila.